Kufuli la Oloo

Mutai hakuwa mwizi, na ni vizuri hilo lijulikane mapema. Kwa miaka minne aliendesha lori la vyuma chakavu katika eneo la viwanda la Doha, na miaka yote hiyo hakuwahi kurudi nyumbani hata na msumari mmoja. Siku aliyochukua kitu, alikichukua kwa sababu ya mlango.

Yeye na mkewe Rael walikuwa wamepanga chumba mtaa wa Najma, orofa ya pili, katika nyumba ambayo mwenyewe alikuwa ameigawa kwa mbao hadi sebule moja ikazaa vyumba vitatu. Mlango wao haukushika. Kila jirani alipofungua mlango mkubwa wa nje, upepo ulipita kwenye ujia na kuusukuma wa kwao ukawa wazi, na Rael, mwenye mimba ya miezi sita, akajikuta mbele ya wanaume wa watu akiwa amejifunga leso tu. Mwenye nyumba aliahidi kuleta fundi. Fundi mwenyewe alikuwa wa kesho, na kesho haikuisha.

Asubuhi moja yadini, lori likipakuliwa shehena kutoka kiwanda kimoja cha saruji kilichokuwa kimebomoa mtambo wake wa zamani, donge la chuma lilibingirika hadi miguuni pa Mutai. Lilikuwa la duara, ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wanane, lina mkono wa kushikia, na ubavuni lilikuwa na kufuli dogo lililozungushiwa waya. Saruji iliyoganda ilikuwa imelifunika kama ukoko, hata rangi yake haikujulikana. Alipolinyanyua aliona lina uzito wa debe la mahindi. Akaufikiria mlango. Hakumwuliza mtu. Alilitia katika mfuko wa turubai, na jioni akalipandisha ngazi akihema.

Aliliegemeza nyuma ya mlango, na mlango ukatulia. Rael alimshukuru sana, akalifunika donge kwa kitambaa, na kwa kuwa sasa kuinama kulimpa taabu, akaanza kulikalia kila asubuhi akivaa viatu vya kwenda kazini. Alikuwa muuguzi katika kliniki moja ya Al Sadd. Alisema Mutai amemtafutia mlinzi na kiti kwa mpigo mmoja.

Zilipita siku kumi na tisa.

Siku hiyo ya kumi na tisa ilikuwa Jumanne. Harun, msimamizi wa yadi, Mganda mtaratibu kutoka Jinja, aliwaita madereva wote kivulini na kuwasomea tangazo la serikali. Kulikuwa na picha. Donge la manjano, jipya, limebandikwa alama nyeusi ya mabawa matatu. Harun aliwaeleza alivyoelezwa yeye: kwamba viwanda hutumia vifaa kama hivi kujua saruji imefika wapi ndani ya tangi bila kulifungua, kwamba ndani yake mna kitu kidogo kama punje ya harage kinachotoa mionzi, nacho hakizimwi kama taa, huendelea hivyo hivyo miaka na miaka, kwamba sheria inataka kila kimoja kiwe na namba, kihesabiwe, kifungiwe, na kikishamaliza kazi kirudishwe kwa aliyekitengeneza au kipelekwe kwenye ghala la serikali la taka za mionzi. Wakaguzi walikuwa wameingia kiwandani kuhesabu. Daftari lilisema vinne. Vilivyoonekana vilikuwa vitatu.

Mutai hakuutambua umanjano. Aliutambua mkono wa kushikia, kwa maana viganja vyake bado vilikumbuka ngazi zile. Alitembea hadi nyuma ya lori lake na kupiga simu. Rael alikuwa na siku ya mapumziko.

"Uko wapi?"

"Kitandani. Miguu imenivimba."

"Toka humo chumbani. Usiguse kitu. Shuka chini ukae dukani kwa yule Mhindi wa Kerala mpaka nije."

Rael alikuwa ameishi naye miaka saba na aliijua sauti yake ya mzaha na ya hasira. Hii hakuwahi kuisikia. Akavaa ndala, akashuka bila kuuliza.

Alipogeuka, Mutai alimkuta Harun amesimama karibu, amekwisha kumsoma uso. Akamweleza yote. Harun akasema maneno ambayo Mutai hakuyachukua kwa ubaya hata baadaye, kwa sababu yalitoka kwa mtu aliyemhurumia. Alisema wakilete adhuhuri, wakilaze katikati ya rundo la vyuma, na yeye Harun apige simu aseme kimeonekana yadini. Kitu kitakuwa kimepatikana, serikali itaridhika, na hakuna atakayeuliza kilikuwa kimelala wapi. Kuchukua mali ya yadi ni kosa la kumrudisha mtu kwao, na Harun alikuwa ameshuhudia wakirudishwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mutai alikubali. Alifika Najma, akamkuta Rael ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya duka, mikono juu ya tumbo. Akapiga magoti palepale barabarani, akamwambia kile ni kitu gani na Harun ameshauri nini.

Rael hakulia.

"Kliniki kwetu, mama mjamzito hasimami hata kwenye mlango wa eksirei," alisema. "Mimi nimekikalia siku kumi na tisa. Tukikirudisha kwa siri, nani atanipima? Nitamwambia daktari gani, na nimwambie nini?"

"Watatufukuza, Rael."

"Watufukuze basi. Turudi Kericho tukijua mtoto yuko salama, kuliko kubaki hapa tukiwa hatujui."

Basi Mutai aliipiga namba iliyokuwa kwenye tangazo. Mtu wa upande wa pili hakumgombeza. Alimwuliza wako wapi, ni watu wangapi katika nyumba, na kama yeyote amejaribu kukifungua. Akamwambia wote watoke, wasikimbie, wasirudi ndani hata kwa simu au pasipoti.

Haikufika saa moja gari jeupe likaegeshwa mbele ya duka. Hakukuwa na king'ora. Walishuka maafisa wawili wa serikali na mwanamke mmoja aliyevaa ovaroli ya kijivu, mwajiriwa wa kampuni iliyopewa kazi ya upimaji. Kusikia Rael akimnong'oneza mumewe kwa Kiswahili, mwanamke yule alikuja moja kwa moja kwao.

"Naitwa Gakii," alisema. "Kwetu ni Maua, Meru. Nielezeni polepole, msinifiche kitu hata kama mnaona ni aibu. Kila mnachoniambia kinanisaidia kupima vizuri."

Wakamweleza. Aliuliza donge lilikuwa mbali kiasi gani na kitanda, Rael alilikalia dakika ngapi kila asubuhi, upande gani wa donge ulielekea ukutani. Akaandika yote. Kisha akapanda ngazi ameshika kipima-mionzi kwenye mpini mrefu mbele yake, na afisa mmoja nyuma yake.

Mutai alihesabu magari barabarani, akapoteza hesabu, akaanza tena. Majirani, Wanepali wawili na familia moja ya Kifilipino, walikaa wamejipanga kwenye ukingo wa barabara. Mkerala mwenye duka alitoka na vikombe vya karak, chai ya maziwa na iliki, akampa kila mtu, akarudi ndani bila kudai chochote. Mutai alikishika kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Gakii aliposhuka, alivua glovu kwanza, akazitia kwenye mfuko, ndipo akachuchumaa mbele ya Rael ili macho yao yalingane.

"Mama, kilango kimefungwa," alisema. "Na kimefungwa vizuri."

Hawakuelewa. Akawaeleza kwamba donge lile ni ukuta mnene wa madini ya risasi, na ukuta huo una kidirisha kimoja tu, chenye kilango kinachosukumwa kwa mkono wa pembeni. Kilango kikiwa wazi, mionzi hutoka kama maji ya bomba, moja kwa moja upande ule kinakoelekea. Kikiwa kimefungwa, kinachovuja ni kidogo sana. Mtambo unapozimwa, kanuni ni kufunga kilango na kukitia kufuli. Wengi hufunga tu, hawatii kufuli. Na donge lisilo na kufuli, lililokatwa kwa moto, likatupwa kwenye lori na kubingirishwa yadini, kilango chake kingekuwa kimefunguka zamani.

"Hili lilikuwa na kufuli," alisema Gakii. "Na aliyelitia hakutosheka na kufuli. Alizungusha waya mara tatu, akafunga na kibati. Tazama."

Akawaonyesha picha kwenye simu yake. Alikuwa amefuta saruji kwa kitambaa, na kibati kikaonekana, kimegongwa herufi moja moja kwa msumari. Kilisema kwa Kiingereza kwamba kimefungwa na kisifunguliwe. Chini yake palikuwa na tarehe ya miaka mitatu nyuma, na jina: OLOO.

Mutai alilisoma jina lile mara mbili. "Huyo ni wa kwetu Kenya," alisema, na hapo ndipo machozi yakamtoka.

Donge lilishushwa ndani ya pipa zito lenye magurudumu, likatiwa alama, likaondoka na gari jeupe. Chumba kilipimwa kona kwa kona, godoro, viatu na kile kitambaa, na havikuwa na chochote. Rael alipelekwa hospitali siku iyo hiyo. Kesho yake daktari wa mionzi, akiwa na hesabu za Gakii mkononi, alimweleza kwamba hata akijumlisha dakika zote alizolikalia lile donge, kiasi alichopata hakizidi sana kile anachopata abiria wa ndege akienda Nairobi na kurudi, na kwamba mtoto yuko salama. Rael alimwomba arudie. Daktari akarudia, bila haraka.

Mutai yeye alitoa maelezo kwa saa tatu mbele ya afisa mmoja Mkatari wa makamo, mpole, huku Gakii akitafsiri. Alisema alichukua bila ruhusa, na hakujitetea. Afisa alipomaliza kuandika aliweka kalamu chini. Alisema kosa la kuchukua ni la mwajiri wake kulitazama, ila kwa upande wa mionzi, sheria inamtaka mtu atoe taarifa, naye ametoa. Wanaotafuta kitu kama hiki, alisema, hulala vizuri wakimpata mtu anayesema kweli mapema. Mwajiri alimpa Mutai barua ya onyo. Aliipokea kwa mikono miwili kama cheti.

Lakini jina lile kwenye kibati halikumwacha. Alikuwa na watu wengi wa kushukuru: Rael kwa msimamo wake, Gakii, daktari, hata Mkerala kwa chai. Wote hao aliwashukuru uso kwa uso. Aliyebaki ni yule aliyewaokoa miaka mitatu kabla hawajahitaji kuokolewa, na hakujua kama yuko Doha, yuko Kenya, au yu hai.

Ijumaa, ambayo ndiyo siku ya ibada huko, katika kanisa la mtaa wa Mesaimeer, Rael alisimama wakati wa matangazo. Hakusimulia yote. Alisema wanamtafuta Mkenya aitwaye Oloo, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha saruji, wana neno jema la kumwambia. Ibada haijaisha, mwanamke wa kwaya alikwisha kumpenyezea karatasi. Oloo huyo alikuwa mlinzi, kwenye mnara mmoja wa ofisi mtaa wa West Bay.

Walimkuta Jumapili alasiri, wakati wa mapumziko yake, nyuma ya jengo mahali magari ya mizigo yanaposhusha. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, sare imepigwa pasi hadi mistari ikasimama. Kuwaona watu wawili wasiojulikana wakimwulizia kwa jina, alisimama wima kama mtu anayengoja kushtakiwa.

Mutai alianza kusimulia vibaya, akaanzia katikati, Rael akamrudisha mwanzo. Oloo alisikiliza bila kuwakatiza. Waliposema mlango, alifumba macho. Waliposema Rael alikikalia, alishika ukuta. Kisha akauliza swali moja tu.

"Ule waya ulikuwa bado upo?"

"Ulikuwepo, mzee. Mara tatu, vile ulivyouzungusha."

Oloo akakaa kwenye ukingo wa saruji, kofia magotini. Halafu akawaambia, polepole, kwamba alikuwa fundi wa vipimo pale kiwandani miaka tisa. Mtambo ule wa zamani ulipozimwa alifunga vilango vyote vinne. Vitatu vilikuwa na makufuli ya kampuni. La cha nne lilikuwa limeoza kwa kutu. Aliomba jingine, akaambiwa angoje. Hakungoja. Alilivua kufuli la sanduku lake mwenyewe, lile alilotoka nalo Kisumu, akalitia. Aliandika barua nne akiomba vifaa vile virudishwe vilikotoka kama kanuni inavyotaka, au vipelekwe ghala la serikali. Baada ya ile ya nne mkubwa wake alimwuliza kama amekuwa daktari wa vyuma. Mkataba ulipoisha haukurefushwa.

"Nilijua siwezi kuwalazimisha," alisema. "Nilichoweza ni kufunga. Nikafunga. Nikaondoka nikijiambia, pengine ni ujinga wangu tu, hakuna atakayeligusa."

Rael alijikokota akakaa kando yake kwenye saruji ile, na tumbo lake, na miguu yake iliyovimba. Alimshika mkono.

"Nimekuja kukwambia kwamba mimi niliguswa na kazi yako," alisema. "Mimi na huyu. Asante, baba. Sina neno kubwa kuliko hilo."

Oloo aliinamisha kichwa. Mutai aligeuka akatazama magari, kwa kuwa aliona mzee anahitaji kuachwa kidogo. Walikaa hivyo mpaka mapumziko yakaisha, na Oloo akavaa kofia yake na kuinyoosha kwa vidole viwili kabla ya kurudi mlangoni.

Mutai alimpelekea Gakii habari, na Gakii akashika simu muda huo huo. Oloo alikuwa na nakala za barua zote nne, na alikuwa na ufunguo wa pili wa kufuli. Aliitwa kutoa ushahidi. Barua zile zilipowekwa mezani pamoja na picha ya kibati, kiwanda kilipigwa marufuku kutumia kifaa chochote cha mionzi mpaka kila kimoja kihesabiwe upya, na kikatakiwa kurudisha vile vinne kwa watengenezaji wake ng'ambo. Siku ya kuvifunga kwa safari, ni Oloo aliyeitwa ghalani kuthibitisha vilango, akaweka sahihi mahali pa fundi. Gakii anasema aliikagua orodha mara mbili, na ya pili hakuna aliyemwomba. Kabla mwezi haujaisha, kampuni ya upimaji ilimwandikia mkataba. Kazi yake ikawa kupita katika viwanda na hospitali akihesabu vitu kama vile, na kuwafundisha watu namna ya kuvifunga na kuvitolea taarifa.

Akawa mtu wa kwao. Ijumaa baada ya kanisa alikula Najma, na Rael alimpikia mboga ya sukuma na samaki, ingawa Mutai alilalamika kwamba siku hizi nyumba ya Mkipsigis, mtu wa milimani, inanuka ziwa.

Ijumaa moja ya mwezi wa tatu tangu donge liondoke, Oloo alikuwa ametandaza karatasi mezani akimwonyesha Mutai mabango mapya yatakayobandikwa kwenye yadi zote za vyuma, yenye ile alama ya mabawa matatu na maelezo kwa lugha sita, Kiswahili kikiwa cha tano. Alikuwa akiuliza kama "usikiguse, kaa mbali, piga simu" inatosha au waongeze neno. Rael, akiwa amesimama na bakuli mkononi, alisema inatosha. Kisha akaliweka bakuli chini kwa uangalifu, akasema kwamba wakati umefika.

Walikwenda kwa teksi wote watatu, Oloo kiti cha mbele akimwelekeza dereva wa Kibangali aliyeijua njia kuliko yeye. Ilikuwa adhana ya alasiri. Kabla ya magharibi muuguzi alitoka akamwita baba wa mtoto, na Mutai aliporudi kwenye ujia alikuwa anacheka na kujifuta uso kwa mkono wa shati.

"Msichana," alisema. "Kilo tatu na kitu. Ana sauti kama dereva wa lori."

Oloo alisimama, akampa mkono, akasahau kuuachia. Akauliza wamempa jina gani.

"Kwetu jina huangalia mtoto alikuja wakati gani," Mutai alimweleza. "Usiku una jina lake, alfajiri ina lake, wakati wa mvua, wakati wa njaa. Na kuna la mtoto aliyezaliwa siku ambayo nyumbani kuna mgeni. Huyo huitwa Cheptoo. Rael alikwisha kusema kabla sijafungua mdomo."

Oloo alifikiria jambo hilo. "Lakini mimi si mgeni pale kwenu," alisema.

"Leo ulikuwa," alisema Mutai. "Twende ukamwone."